Fedha ya Mkonge na Jembe la Mama

Katika miaka ya hamsini, nilipokuwa mtoto huko Kitanga, katika nyanda za juu za Buha, kazi za nyumbani ziligawanyika kwa kaida ambayo hakuna aliyehitaji kufundishwa: wanaume walifyeka mapori, walijenga nyumba na kuangalia ng'ombe, na wanawake walilima, walipanda, walipalilia na kuvuna maharage, mahindi na ulezi. Kaida hiyo haikuvunjika kwa sababu mtu aliikataa, bali kwa sababu serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu, nasi tulikuwa mbali na masoko, hata bidhaa iliyouzika kwetu kwa wepesi ikawa ni nguvu za vijana wetu.

Mawakala wa SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoundwa mwaka 1944 kwa ajili ya kuandikisha wafanyakazi, walizijua vyema wilaya zetu za Kasulu na Kibondo. Baba alijiandikisha, akashuka Kigoma pamoja na wenzake, wakapanda gari la moshi kuelekea mashariki kwa njia ile ya reli iliyofika ziwani mwaka 1914, na mwisho wa safari yao ukawa ni mashamba ya Korogwe. Huko walihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya kazi, ambacho hakikutambua mwezi wa kalenda ila siku 30 zilizofanyiwa kazi. Siku ya homa haikuandikwa, na kwa hiyo malipo yalichelewa, na sisi tuliokuwa nyumbani tulichelewa pamoja nayo.

Msimu haukumngoja baba. Mvua za Oktoba zilipokaribia, mama alishika panga akafyeka mwenyewe, kazi ambayo kabla ya hapo sikupata kumwona mwanamke akiifanya. Kisha akalima, akapanda, na dada yangu akaachiwa mtoto mchanga na jiko. Mimi nilipewa ng'ombe wa baba kabla sijawa na kimo cha kuwazuia wasiingie katika mashamba ya watu. Hawala ilipofika, ilifika kwa jina la baba mkubwa, kama ilivyokuwa desturi na kama ilivyoonekana kuwa ni heshima, na mama, ambaye ndiye aliyeyajua mahitaji ya shamba, alilazimika kwenda kwake kwa adabu, akipiga goti, kuomba fedha ya jembe jipya. Baba mkubwa hakuwa dhalimu. Lakini sehemu ya fedha aliinunulia ng'ombe, na ng'ombe mmoja zaidi alikuwa ni kazi zaidi kwangu, wala hakumpunguzia mama hata tuta moja.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja kimyakimya. Zamani jirani aliyezidiwa na kazi aliita ujima, akapika pombe, watu wakamlimia, naye akawalimia siku yao. Nyumba zilizopata fedha za mkonge zilianza kulipa vibarua, kwani yule aliye Korogwe hakuweza kurudisha siku ya jirani, na waliokuja kulima kwa ujira walikuwa ni wanawake wa nyumba ambazo hazikuwa na mtu mbali, wakiyaacha matuta yao yakingoja. Basi mzigo ulioondoka katika nyumba moja uliingia katika nyumba nyingine. Baadaye, hasa baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 1972 na yale ya 1993, walioushika mpini katika mashamba mengi ya Kasulu na Kibondo walikuwa ni Warundi waliovuka mpaka wakitafuta usalama na chakula, na wapo waliolipwa mihogo tu.

Leo vijana wetu wako Kahama, Geita na Dar es Salaam, na tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 fedha hufika moja kwa moja katika simu ya mama au ya mke, bila kupita mkononi mwa baba mkubwa. Hilo nalihesabu kuwa ni haki iliyochelewa. Lakini watoto, na hilo ni jema, wako shuleni, na palizi imebaki kwa yule yule mwanamke.

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliye mbali na uliyeacha shamba nyuma yako: tuma fedha kwa jina la anayelima, na utume Septemba, wakati vibarua bado wanapatikana, kwa maana fedha ifikayo Januari hulikuta shamba limekwisha kumezwa na magugu.