Enzi za Kuteremka na Liemba

Mtoto wa Endagikot, Mbulu, hukua akijua ziwa moja tu, Tlawi, na hilo ni dogo. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1990, shemeji yangu aliyehamia Kigoma aliponialika tuteremke Ziwa Tanganyika kwa meli ya Liemba, kutembea tu bila shughuli yoyote, nilikubali papo hapo. Nilipanda basi hadi Babati, nikaenda Singida, nikafika Tabora, kisha nikaingia kwenye treni.

Meli yenyewe ilinivutia kabla hata haijang'oa nanga. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walizidiwa vitani wakaizamisha wenyewe. Ila mafundi wao walizipaka mashine grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilikwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipowekewa injini za dizeli. Nawaheshimu sana mafundi wale: walikuwa wanashindwa vita, na bado hawakukubali mashine nzuri ioze.

Vijiji vingi vya ufukweni havina gati. Liemba ilipiga honi, ikasimama mbali, na gizani mitumbwi ikaja mbio ikigombea nafasi kwenye mlango wa ubavuni. Kinamama walipandishwa kwa mikono, watoto wakafuata, kisha magunia ya dagaa wakavu. Asubuhi tulikaa sitahani tukitazama milima ikipita upande wa kushoto, kijiji baada ya kijiji, Kirando, Kipili, Kasanga, hadi Mpulungu, Zambia. Kwa nauli ya mtu wa kawaida niliona karibu pwani yote ya Tanzania katika ziwa lile, isipokuwa milima ya Mahale, tuliyoipita usiku.

Mwaka 2018 Liemba ilisimamishwa ikisubiri ukarabati mkubwa. Nilipotaka kurudi kuitazama Mahale mchana, tulilazimika kuchanga watu kadhaa na kukodi boti ya mbao.

Tukiwa tumeshaacha Kigoma mbali, kijana aliyekaa nyuma alimwita nahodha: "Mzee, maji hayatoki." Injini ya boti hujipoza kwa maji ya ziwa, na kimkondo chembamba kinachoruka nje ndicho kinachoonyesha kwamba pampu inafanya kazi. Kimkondo kilikuwa kimekata. Nahodha alizima mara moja, akainyanyua injini, akafungua pampu. Gurudumu la mpira lililo ndani yake lilikuwa limenyofoka mapezi. Akatoa jingine kwenye kopo la maziwa, lililotumika lakini zima, akalipaka mafuta na kuanza kulisokomeza kwa kidole gumba, huku vijana wawili wakipiga makasia tusisukumwe kwenye miamba. Maji yalikuwa maangavu mno. Chini kabisa niliona mawe, na visamaki vya milia vikizunguka juu yake.

Injini ilipowaka, kimkondo kikaruka tena, tukashangilia wote. Kesho yake niliiona Mahale kwenye mwanga: msitu unaoshuka kutoka mlima Nkungwe, wenye mita 2,462, hadi kwenye mchanga.

Nilifurahi sana. Ila fedha tulizochanga kwa kipande kile kifupi, mwalimu au mkulima wa Mbulu hawezi kuzitoa kwa ajili ya matembezi. Liemba ilimbeba mfanyabiashara wa dagaa na mtazamaji kama mimi kwa pamoja, na nauli ya mmoja ikamsaidia mwingine kufika. Boti ya kukodi inambeba mwenye nazo. Vijana wa kwetu wakiniuliza wafanyeje waione Tanganyika, nawaambia wadunduize nauli ya Kigoma, na siku Liemba ikirudi majini wakate tiketi mpaka Kasanga na kukaa upande wa kushoto.