Neno Lililohamia Kwenye Heda

Washkaji wa kijiweni kwetu hupenda kuniuliza: "We bwana, unaandika hadithi, sasa hayo mambo ya C yanakuhusu nini?" Leo nawajibu kwa kalamu, maana ya mdomo husahaulika.

Ndugu msomaji, fanksheni ya kawaida mwili wake unakaa mahali pamoja, ndani ya maktaba. Heda hubeba tangazo tu: jina lake, inapokea nini, inarudisha nini. Kompaila ikikutana na jina hilo huacha pengo, halafu linka ndiyo inayokwenda kuutafuta mwili na kuziba pengo. Fanksheni ya inlaini ni habari nyingine. Mwili wake wenyewe umeandikwa ndani ya heda, na kila faili linaloitumia heda hiyo huondoka na mwili huo, kama msafiri aliyefunga chakula chake kikapuni asitegemee hoteli za njiani. Raha yake ni kwamba kompaila inauona mwili na inaweza kuupachika palepale. Karaha yake ni kwamba ukibadilisha heda, kila kilichoitumia sharti kikompailiwe upya.

Sasa sikia. Marehemu kaka yangu aliacha maktaba ndogo inayogeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili. Unaipa 215, inakujibu "mia mbili na kumi na tano". Aliikompaili kwa Visual Studio 2008. Diski yake ilipokufa, chanzo kikaenda nayo. Kwetu lilibaki faili la .lib na heda yake, basi. Sauti yake yote ya kazi imo humo.

Mwaka 2015 ikatoka Visual Studio 2015, na maktaba ya C ya Windows ikiwa imepangwa upya. Familia nzima ya printf na scanf ilihamishwa, ikawa inlaini ndani ya stdio.h. Ukiandika sprintf leo, heda yenyewe ndiyo inayokupeleka kwenye fanksheni ya ndani, __stdio_common_vsprintf, inayofanya kazi ya kweli. Kwa programu mpya hakuna noma. Lakini faili la kaka lilikompailiwa zamani, na pengo lake bado linaita jina lilelile la sprintf. Linka ikabisha hodi kwenye maktaba mpya, ikaambiwa: huyo hakai hapa tena. Ikatoa LNK2019, yaani jina halijapatikana.

Si kosa la mtu. Maktaba za toleo moja kukubaliana na toleo jingine halikuwa jambo la kuahidiwa miaka ile. Na dawa ilikuja pamoja na mabadiliko: faili liitwalo legacy_stdio_definitions.lib, ambalo limehifadhi miili ya majina ya zamani. Unalitaja kwa linka, pengo linazibwa. Bahati nyingine, kaka aliandika kwenye bafa tu, hakugusa stdout. Angeigusa, faili lake lingeita __iob_func, na hiyo imeondolewa kwa sababu umbo la FILE limebadilika. Hapo tiba ya uhakika ni moja tu, kukompaili upya, na bila chanzo utakompaili nini?

Tangu hapo nimekuwa na kanuni zangu. Fanksheni fupi, ya mistari miwili mitatu, naiweka inlaini kwenye heda. Ndefu, au ile ninayojua itabadilika, naificha kwenye faili lake na heda inabaki na tangazo. Na chanzo nakihifadhi sehemu tatu.

Nyinyi mnaoandika mashairi mnalijua hili kuliko mnavyofikiri. Kuna maneno unayoyaacha yajieleze palepale kwenye ubeti, na kuna mengine unamwachia msomaji akayatafute kwa wazee. Ukimwachia, basi hakikisha wazee hao bado wapo, au mtu ameyaandika waliyosema. Jina peke yake halizibi pengo.