Pimbi wa Mlima Kenya

Nilipoanza kazi ya kuwachukulia mizigo wapandao Mlima Kenya, nilimdhania pimbi kuwa panya mkubwa tu, tena mwizi. Siku moja katika Bonde la Teleki, yapata mita 4,200 juu ya bahari, mmoja alinilia mkate wangu wote. Niliokota jiwe nikamvunja mguu. Mzee niliyefuatana naye hakunikaripia; aliniambia tu niwahi kuamka nitazame.

Usiku ule maji yaliganda sufuriani. Jua lilipochomoza, pimbi walitoka katika nyufa za mawe, manyoya yao marefu na mazito, wakajilaza mwambani kuota jua kabla ya kwenda kula majani. Maana mnyama huyu hawezi kulinda vyema joto la mwili wake, na usiku hubanana na wenziwe. Jamaa yake wa karibu ni ndovu (wasomaji, msicheke), na mama huchukua mimba miezi saba na zaidi.

Ghafula tai alipita juu. Wote walitimua mbio, nyayo zao laini zikishika jiwe. Yule wangu alichechemea nyuma ya wote, akawahi kuingia. Tangu siku ile mkate wangu nautia koponi.