Miezi Isiyo na Mashabiki

Tarehe 1 Januari 2019, katika uwanja wa Glendale jimboni Arizona, Joe Burrow alirusha pasi ambayo haikumfikia mwenzake. Ilinaswa na mpinzani, naye mpinzani akatimua mbio kuelekea langoni. Burrow alipokuwa akimfuata ili amzuie, alivamiwa kutoka upande asiouona akabwagwa chini kama gunia la mahindi lililoteleza mgongoni mwa hamali. Waliotazama hawakutarajia kumwona tena siku hiyo. Hata hivyo aliinuka, akarudi mchezoni, na kabla ya jua kutua alikuwa ametoa pasi nne zilizozaa mabao. Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana kikashinda kwa pointi 40 kwa 32. Kesho yake kikaanza kipindi ambacho hakina tiketi wala matarumbeta: miezi minane ya kuuandaa mwili.

Huenda msomaji aliyelelewa na kandanda yetu akahitaji maelezo kidogo. Katika kandanda ya Kimarekani, kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa takriban kila shambulizi na kuamua uende wapi. Uamuzi huo huufanya kwa muda wa sekunde mbili na nusu au tatu hivi, huku majitu yenye uzito wa kilo mia na ushei yakijitahidi kumfikia na kumwangusha. Ni nahodha, ni mpishi, na wakati uo huo ni windo.

Burrow hakuwa kijana wa kutamaniwa na wengi. Alianzia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mwaka 2015, akakaa benchi. Agosti 2017 alivunjika mkono wa kurushia, na alipopona alikuta nafasi ya msaidizi imekaliwa na mwingine. Alihitimu shahada yake mwaka 2018 kisha akahamia Baton Rouge, Louisiana, akiwa amebakiwa na misimu miwili tu. Msimu wa kwanza ulikuwa wa wastani: pasi 16 za mabao, yadi 2,894. Hakuna aliyemweka katika orodha ya watakaogombewa na timu za kulipwa. Babake, Jimmy Burrow, aliyekuwa kocha wa safu ya ulinzi katika Chuo Kikuu cha Ohio kwa zaidi ya mwongo mmoja, alistaafu baada ya msimu wa 2018 ili aweze kuhudhuria mechi za mwanawe katika mwaka wake wa mwisho. Mzee mzima aliacha kazi ya maisha yake ili aketi jukwaani. Huo nao ni mzigo ambao kijana huubeba pamoja na vyuma.

Kwa mujibu wa kanuni za michezo ya vyuo vya Marekani, nje ya msimu mchezaji halazimishwi kufanya mazoezi kwa zaidi ya muda wa saa 8 kwa wiki, ilhali msimu ukiwapo kikomo ni saa 20. Mengineyo huitwa ya hiari. Neno hilo "hiari" lina utani wake. Ni hiari ya aina gani ambayo asiyejitokeza hujikuta benchi ifikapo Septemba? Zaidi ya hayo, hadi mwaka 2021 kijana huyo hakuruhusiwa kupokea hata senti kwa kutumia jina lake. Aliishi kwa ufadhili wa masomo na matumaini.

Na je, katika miezi hiyo kwotabeki hufanya nini? Anayedhani kwamba kazi ni kunenepesha misuli amekosea. Mpira haurushwi kwa mkono pekee. Nguvu huchipuka ardhini, ikapanda kupitia vifundo vya miguu hadi nyonga. Nyonga ikizunguka, kiwiliwili hufuata, kisha bega, kisha kiwiko, na mwisho vidole. Nyonga ikikakamaa, bega hulazimika kufanya kazi isiyo yake, na bega lifanyalo kazi isiyo yake huishia mikononi mwa daktari. Ndiyo maana kwotabeki hutumia muda mwingi akichuchumaa, akijinyoosha sakafuni na kuuzungusha uti wa mgongo polepole, mambo ambayo mpita njia angeyaona ni uvivu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali hiyo haina fumbo lolote.

Wanasarufi wetu wanaokesha na mnyumbuliko wa vitenzi wataielewa hali hii upesi kuliko wengine. Mzizi hautikisiki, viambishi ndivyo vinavyobadilika kuuzunguka. Kadhalika kwotabeki hodari: macho yake yametulia mbele, mabega yako tayari kurusha, huku miguu ikinyumbuka chini yake kwa hatua fupi fupi, kushoto, nyuma, mbele tena. Wepesi wa namna hii si kasi ya mwanariadha wa mita mia. Tom Brady, alipopimwa mwaka 2000 baada ya kutoka Chuo Kikuu cha Michigan, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, mwendo wa kuchekesha. Akateuliwa wa 199, na miguu hiyo hiyo ikampatia ubingwa mara saba.

Isidhaniwe kwamba miezi hii ni salama kwa kuwa hakuna mpinzani. Mei 29, 2018, Jordan McNair, kijana wa miaka 19 wa Chuo Kikuu cha Maryland, alizidiwa na joto katika mazoezi ya mbio za kurudiarudia. Hakutumbukizwa katika maji baridi jinsi inavyopasa. Alifariki tarehe 13 Juni. Agosti mwaka huo chuo kilikiri kuwajibika kisheria na kimaadili. Kiangazi cha Louisiana, penye joto lenye unyevu unaolowesha shati kabla ya hatua ya kwanza, hakina huruma kuliko cha Maryland.

Mwaka huo wa 2019 aliwasili kocha kijana, Joe Brady, kutoka New Orleans Saints. Alileta mfumo wa kuwatawanya wapokeaji watano uwanjani kwa pamoja. Maana yake ilikuwa wazi: wakingaji wangepungua, na kwotabeki angelazimika ama kurusha mapema ama kuponyoka. Mwili uliokuwa ukinyooshwa ukapata kazi ya kufanya.

Kazi yenyewe ilionekana Atlanta, Desemba 7, dhidi ya Georgia. Burrow alizingirwa. Akageuka kinyumenyume, akamkwepa wa kwanza, akachoropoka kuelekea kulia, na akiwa bado mbioni akaurusha mpira mbali kwa Justin Jefferson. Yadi 71. Waliokuwa uwanjani waliona muujiza. Labda mlinda mlango wa ukumbi wa mazoezi kule Baton Rouge aliona tu mwezi wa Juni ukijirudia. Louisiana ilishinda 37 kwa 10, ikamaliza msimu bila kushindwa katika mechi 15, naye akafikisha pasi 60 za mabao na yadi 5,671. Aprili 2020 alikuwa wa kwanza kuteuliwa katika ligi ya kulipwa, kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni 36.

Tarehe 22 Novemba mwaka huo huo, mjini Landover, Maryland, aliangukiwa mguu wa kushoto baada ya kurusha, na kano za goti zikakatika. Alitolewa uwanjani kwa kigari. Kipindi chake cha kwanza cha nje ya msimu katika ligi ya kulipwa kilianzia katika chumba cha upasuaji.