Aliyeificha Hesabu ya Miti

Hapa shuleni mwanafunzi akisema kwamba ataka kusomea miti, huchekwa. Huulizwa, je, miti yasomewa nini, nayo hukua yenyewe? Kwa sababu hiyo nimeona vema niandike habari za Bwana Corneille Ewango wa Kongo, ambazo mwalimu wetu wa biolojia alitusimulia, nami nikazitafuta zaidi katika maktaba.

Bwana huyu alipokuwa kijana wa rika letu alikuwa akimsaidia ndugu mmoja wa wazazi wake, mwindaji wa magendo, kubeba nyama na pembe za ndovu kwenda kuuza mjini. Alitamani sana kuwa daktari, maana kwao watu walikuwa maskini na matibabu yalikuwa shida. Lakini chuoni akapangiwa biolojia. Alikataa, akajaribu tena na tena, mwisho akakubali, akasomea mimea. Baadaye akaenda Epulu, katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, ilipo Hifadhi ya Wanyama ya Okapi iliyowekwa mwaka 1992. Watu wa huko husema Kiswahili kama sisi, ingawa chao kina ladha yake.

Katika msitu ule vilipimwa viwanja vinne, kila kimoja hektari 10. Jumla yake yapita viwanja 50 vya mpira. Hesabu ya kwanza ilianza mwaka 1994. Kila mti ambao shina lake lilifika unene wa sentimita moja, yaani kama kidole cha mwisho, ulipewa namba, ukapimwa kwenye kimo cha kifua cha mtu, ukaandikwa jina. Wasomaji na wajaribu kufikiri kazi hiyo, mvua yanyesha na siafu wapanda miguuni! Kutokana na unene wa shina, na uzito wa mbao za aina ile, wataalamu hukadiria uzito wa mti wote pasipo kuukata. Na karibu nusu ya uzito wake mkavu ni kaboni, ambayo mti umeivuta kutoka hewani.

Nilipomweleza baba yangu jambo hili wakati wa likizo hakushangaa hata kidogo. Yeye huchoma mkaa, na ni mkaa huo ulionunua godoro langu na sanduku. Aliuendea mti uliokuwa karibu nasi, akaukumbatia kwa mikono miwili, akasema, “Huu ni magunia manne, mwanangu.”

Vita vikaja mwaka 1996, vikatulia kidogo, vikazuka tena mwaka 1998. Wakuu wengi wa kazi ile waliondoka Epulu, lakini Bwana Ewango alibaki. Alificha kompyuta, mikusanyo ya majani makavu na maandishi ya vipimo. Na wenye silaha walipokaribia alikimbilia msituni, akaishi humo kwa miezi. Tena aliwaendea makamanda kuwaomba wazuie uwindaji na uchimbaji wa madini ndani ya hifadhi. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya Goldman.

Lakini yupo atakayeuliza: watu wanakufa, naye aficha karatasi za miti? Swali hili ni la haki, nami nimelifikiri usiku mwingi baada ya taa kuzimwa bwenini. Jibu nililolipata limo katika hesabu zenyewe.

Bwana Ewango alichunguza hasa mitambaazi, ile mimea minene ipandayo miti kama kamba. Mwaka 1994 kila hektari ilikuwa na mitambaazi 750. Mwaka 2001 ilikuwa 547. Mwaka 2007 ilikuwa 499. Huko Amerika wataalamu walikuwa wameona mitambaazi ikiongezeka, kumbe Ituri yapungua! Alipopekua zaidi aliona kwamba upungufu ule ulitokana hasa na aina moja tu, iitwayo Manniophyton fulvum, ambayo Wambuti husokotea kamba za nyavu kwa ganda lake. Sasa, lau daftari la 1994 lingaliungua, mtu aliyefika mwaka 2007 angaliona mitambaazi 499, akaandika 499, akaenda zake. Hakuna ambaye angalijua kwamba kitu kimepotea.

Shule yetu ina kipima mvua nyuma ya maabara, na daftari lake. Limeandikwa vizuri sana kutoka Januari hata Mei ya mwaka mmoja, kisha kurasa zote ni nyeupe. Nadhani aliyekuwa akiliandika alimaliza shule.

Vipimo vya Ituri viliunganishwa na vya nchi nyingine. Mwaka 2009 ilitangazwa, kutokana na viwanja 79 vya Afrika, kwamba misitu isiyoguswa ilikuwa ikiongeza kaboni kiasi cha tani 0.63 kwa hektari kila mwaka. Mwaka 2020 viwanja vilikuwa 244 katika nchi 11, na jina la Bwana Ewango limo katika taarifa zote mbili. Ile ya pili ilisema kwamba msaada huo wa misitu ulidumu miaka 30 hata 2015, ila tangu mwaka 2010 hivi zilionekana dalili za miti kufa zaidi na kaboni kurudi hewani. Habari hii si ya wataalamu peke yao. Serikali zilizopatana Paris mwaka 2015 hutegemea kwamba misitu itaendelea kumeza sehemu ya moshi wa viwanda na magari. Misitu ikipunguza kazi yake, itawapasa wenye viwanda wapunguze moshi zaidi kuliko walivyopanga.

Katika fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano nimeandika Kemia, Biolojia na Jiografia. Baba bado ataka niwe daktari wa watu. Katika barua yake ya mwisho ameniagiza nimwulize mwalimu kama huyo Bwana Ewango hulipwa mshahara kila mwezi. Mwalimu amecheka, akasema atamjibu baba yeye mwenyewe siku ya wazazi.