Mama Ashika Usukani

Wengi wetu tukisikia neno dereva tunamwaza mwanamume wa makamo mwenye kofia kichwani na kijiti mdomoni. Mimi nikilisikia namwona mama yangu mzazi, kajifunga leso juu ya sweta, kaushika usukani kwa mikono miwili kana kwamba utamponyoka. Ni yeye aliyenifunza maana ya methali niliyoikariri tangu shule ya msingi bila kuielewa: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Kwanza niwaeleze ilivyokuwa. Sisi ni wakulima wa kabichi na viazi huku Molo. Baba alipoaga dunia alituachia shamba la ekari mbili na pikapu moja kuukuu. Kwa miaka miwili pikapu hiyo ilikaa chini ya mti nyuma ya nyumba, kuku wakaifanya kiota. Mama alijaribu kuajiri madereva. Wa kwanza alipata pancha kila wiki, na kila pancha ililipwa na mama. Wa pili alipeleka kabichi Nakuru akarudi na hadithi badala ya pesa. Basi mama akawa anauzia kando ya barabara, ambako madalali walinunua kwa bei waliyoitaka wao. Muhula mmoja nilitumwa nyumbani mara tatu kufuata pesa za chakula cha mchana. Mara ya tatu mama hakusema kitu. Alitazama tu ule mti na kile kilichokuwa chini yake.

Jioni hiyo akatangaza tukiwa mezani, "Hii gari nitaiendesha mwenyewe."

Mjomba wangu alicheka mpaka chai ikampalia. "Dada, si utaua watu!"

Mama hakumjibu. Juma lililofuata akauza mbuzi wawili, akajiandikisha katika chuo cha udereva.

Huko walimwanzisha kwa meza. Naam, meza! Juu yake pamechorwa mji mzima wenye barabara, mizunguko na vivuko, na mwanafunzi husukuma vigari vya kuchezea huku akieleza nani apite kwanza na nani asubiri. Mama alikuwa akirudi nyumbani anajenga mji wake kwa vijiko, viberiti vikawa matatu, chumvi ikawa kituo cha polisi. Wadogo zangu wawili walijua kwamba kwenye mzunguko humpisha anayetoka kulia kabla hata hawajajua jedwali la saba. Baadaye akaingia barabarani na mwalimu wake, kibao cheupe chenye herufi L nyekundu mbele na kingine nyuma. Mtihani ulipofika, akapita na kupata leseni.

Hapo sote tulidhani kazi imekwisha. Kumbe leseni ni kitu kimoja na barabara ni kitu kingine. Chuoni kuna mwalimu ubavuni mwenye breki yake. Ubavuni mwa mama nilikuwa mimi, utingo wa Jumamosi na wa likizo, na breki yangu ilikuwa jiwe.

Msinicheke. Jiwe lilikuwa kazi rasmi. Mji wa Nakuru umekaa kwenye mteremko unaoshuka kutoka mlima Menengai hadi ziwani, na barabara zake kadhaa zinapanda. Jumamosi ya kwanza tulisimama kwenye makutano, mbele kumepanda, nyuma yetu matatu. Magari yalipoanza kusonga, mama aliachia klachi upesi, pikapu ikaruka kama chura na kuzima. Akawasha tena, ikazima tena. Mara tukaanza kurudi nyuma polepole na gunia zote za viazi.

"Wee mama! Rudisha hiyo gari shambani!" akapiga kelele makanga wa matatu ile, huku honi zikilia kama tarumbeta za arusi.

Nilifungua mlango nikaruka chini na jiwe langu, nikalisukuma nyuma ya gurudumu. Pikapu ikapanda kidogo juu ya jiwe, ikatua. Kati yetu na taa za matatu ilibaki shubiri moja. Makanga mwenyewe alinyamaza. Nilipomtazama mama kupitia kioo, jasho lilikuwa likimtiririka ilhali asubuhi ya Nakuru ilikuwa na baridi. Ndipo akakumbuka alichofundishwa: vuta handibreki, tia gia ya kwanza, inua klachi taratibu mpaka gari litetemeke na pua yake iinuke kidogo, kisha uachie handibreki. Tukaondoka. Nilikimbia nyuma nikadandia, jiwe mkononi.

Jioni tulipofika nyumbani aliniambia, "Mwanangu, leo sikuogopa kugonga. Niliogopa kuchekwa." Wakati huo niliona ni maneno ya kawaida tu. Leo najua alikuwa ameutaja ugonjwa unaowamaliza madereva wengi wageni. Honi za watu humfanya mtu aharakishe pale panapotaka subira.

Mkasa wa pili ulitokea upande wa Elburgon. Wenyeji wa huko wanajua ukungu wetu ulivyo. Molo iko takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi nyingine mtu akinyoosha mkono haoni vidole. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Mama alikuwa akienda kwa gia ya pili, shingo kainyoosha, pua karibu iguse kioo. Gari dogo likatupita kwa hasira, taa kali zimewashwa. Taa kali katika ukungu hazisaidii. Mwanga huyagonga matone ya maji na kumrudia dereva machoni, akabaki anatazama ukuta mweupe.

Mara nikaona matawi yametupwa barabarani. Mwanzoni yalikuwa machache, kisha yakawa mengi. "Mama, matawi!" nikasema. Alikwisha kuyaona naye, mguu uko kwenye breki. Sheria inataka gari lililoharibika liwekewe pembetatu zinazong'aa, lakini sote tunajua kwamba barabarani kwetu pembetatu ya maskini ni tawi la mti. Hatua chache mbele, lori la magogo lilikuwa limesimama katikati ya njia yetu bila taa hata moja. Magogo yalikuwa yametokeza nyuma, ncha zake zimeelekea kioo chetu sawasawa, yeye upande wake na mimi upande wangu. Lile gari dogo lilikuwa mtaroni, magurudumu mawili hewani, mwenyewe amesimama kando akijipapasa mbavu haamini kwamba yu hai.

Katika somo la Fizikia tumefundishwa kugeuza kilomita kwa saa ziwe mita kwa sekunde. Fanyeni hesabu hii nami. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akiona hatari, huenda sekunde moja ikapita kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa hiyo gari limeshameza mita 22 hata breki haijaguswa. Tena, mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya gari huongezeka mara nne, wala si mbili. Mama hakusoma Fizikia zaidi ya Kidato cha Pili. Woga wake ulimfanyia hesabu hiyo, akajibiwa: gia ya pili inatosha.

Sasa niseme habari ya mkasa wa tatu, ambao hata leo nikiuwaza mwili hunisisimka. Zilikuwa zimepita kama miezi minane. Mama hakuwa mgeni tena. Alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja, akisalimiana na makanga wale wale waliomcheka, na jiwe langu lilikuwa limezama chini ya kiti. Mazoea yana taabu, lakini huja yakiwa yamevaa nguo za ustadi.

Siku hiyo tulipakia kabichi mpaka mabati ya ubavuni yakalalamika, tukashika barabara kuu, tukaanza kuteremka Sachangwan kuelekea Salgaa. Hakuna Mkenya asiyelijua jina la mteremko huo. Hapo Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilianguka, watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukawaka na kuua zaidi ya watu 100. Na kabla ya mapambazuko ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana huko huko, watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha.

Mama aliteremka na gia ya nne, akikanyaga breki kidogo kidogo, mara kwa mara, kama mtu anayepiga cherehani. Nikasikia harufu, kama ya mpira unaoungua. Kisha nikamwona mama anautazama mguu wake. Breki ilikuwa inazama. Akakanyaga tena, ikazama zaidi, na pikapu haikupunguza mwendo. Mbele yetu kulikuwa na trela la mafuta linalotambaa, na kulia magari yalikuwa yanapanda mfululizo.

Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, "Shika!" Akaingiza gia ya tatu, injini ikanguruma kama simba. Akaingiza ya pili, nikadhani vyuma vinakatika. Mwendo ukapungua. Akavuta handibreki nusunusu, akatoka kushoto kwenye ukingo wa changarawe, pikapu ikatetemeka na kuyumba, kabichi kadhaa zikaruka zikabingirika mbele yetu. Tukasimama karibu na mtaro. Magurudumu yalikuwa yanafuka moshi. Mama alilaza kichwa juu ya usukani, nami kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya baba nikamsikia akilia.

Dereva mmoja mzee wa lori alisimama akaja kutuangalia. Alimwamkua mama kwa heshima, wala hakumkemea. "Mama, breki hazikufa. Zimechoka," alisema. "Gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia." Kisha akatueleza polepole. Breki husimamisha gari kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Ukizikanyaga mteremko mzima hazipati nafasi ya kupoa. Joto likizidi, hazishiki tena vizuri, na mafuta ya breki yakichemka huingia mapovu, ndiyo maana kanyagio linazama. Lakini ukitia gia ndogo tangu juu, injini yenyewe hulizuia gari, na breki zinabaki na nguvu ya kukutumikia utakapozihitaji. Alituamuru tukae pale zaidi ya nusu saa, tusizimwagie maji, tena tukifika mjini tumwone fundi kabla ya kuuza hata kabichi moja. Tukafanya hivyo.

Usiku huo mama alinipa maelezo ambayo ndiyo kiini cha insha hii. Alisema, "Nilipokuwa mwoga nilikuwa nateremka pale na gia ya pili, watu wananipigia honi. Nilipoacha kuogopa, nikaanza kuteremka kama wao." Kumbe wale waliotutisha kwa kelele hawakuwa hatari. Hatari ilikaa kimya miezi minane ikingoja woga utoke ndani ya gari.

Tarehe 30 Juni 2023 trela liliacha njia pale makutano ya Londiani, likavamia matatu na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Mama aliisikiliza habari hiyo redioni akiwa amesimama. Yeye mwenyewe aliwahi kuketi na kabichi zake kando ya barabara kama wale, mgongo ukiwa umeyaelekea magari. Anajua kwamba anayeshika usukani hashiki roho yake peke yake.

Wenzangu, sheria ya nchi haituruhusu kuendesha gari kabla ya miaka 18, na wengi wetu tunaihesabu miaka hiyo kwa vidole. Nawasikia wavulana wakijisifu kwamba binamu fulani alijua kuendesha kwa siku mbili. Huenda ni kweli. Kulifanya gari liende ni kazi ya siku mbili. Kujua ni wakati gani lisiende ni kazi ya miaka. Basi mkimwona mtu mbele yenu ana kibao cha L, au gari limemzimikia mlimani, msimzomee. Honi yenu yaweza kumsukuma mahali ambapo akili yake ilikuwa inamkataza. Nanyi mtakapopata leseni zenu, msiuonee haya woga. Utunzeni kama mnavyotunza gurudumu la akiba.

Kibao kimoja cha L mama hakukitupa. Amekichomeka juu ya kioo, mahali anapokiona yeye na hakionekani na watu wa nje. Kabla ya kila safari huzunguka pikapu, hutazama magurudumu, hukanyaga breki mara tatu, ndipo aniulize kama niko tayari. Mjomba siku hizi huomba lifti, na hukaa nyuma pamoja na kabichi.

Kesho ni Jumamosi. Kabichi zimeshakatwa, na jiwe langu nimelirudisha juu, karibu na mlango.