Safari ya Majilio kwenda Limuru

Desemba, reli ya Nairobi na Mombasa hujaa watu wanaoteremka. Wanakuja kula Krismasi pwani, na watoto wao wamevaa kofia za jua kabla bahari haijaonekana. Sisi tulikuwa tunapanda. Ilikuwa wiki ya pili ya Majilio, na mimi na mume wangu tulikuwa safarini kwenda Limuru, mahali ambapo hakuna kati yetu aliyewahi kukanyaga, kumwona mtoto ambaye tulikuwa tumearifiwa kwa simu kwamba huenda akawa wetu.

Kituoni Miritini, Mombasa, abiria hupanga mizigo chini kwa mstari, kisha husimama kando mbwa wa polisi apite akinusa. Nilimtazama mbwa akiuinamia mkoba wetu, nikawaza yaliyomo: cheti cha ndoa, vyeti vya tabia njema, ripoti za daktari, hati za mshahara, barua ya kasisi wetu, picha za nyumba chumba kwa chumba. Juu ya makaratasi hayo nilikuwa nimeweka leso mpya niliyopewa na mama, na mahamri ya jirani yangu Mwislamu aliyeamka kabla ya alfajiri kuyakaanga. Jirani huyo amemlea mtoto wa marehemu dadake tangu mtoto akinyonya. Katika dini yake malezi ya namna hiyo huitwa kafala. Mtoto hubaki na nasaba ya baba aliyemzaa, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inayatambua. Aliponikabidhi kile kifurushi hakuwa na maneno mengi. "Nenda dadangu," alisema, "Mungu akufungulie."

Miaka iliyotangulia nitaipita upesi. Walioipitia hawahitaji kuelezwa, na wasioipitia watajua kidogo nikisema kwamba kila Krismasi, kwenye igizo la kuzaliwa kwa Bwana, kuna mtoto mchanga wa mwenzako analazwa horini, na wewe unahisi macho ya watu yanakutafuta usoni.

Kungoja nilikotaka kukusimulia ni kungoja kwingine, kule tulikokutana nako tulipoingia katika njia ya kuasili. Mtoto anapookotwa hapa Kenya, polisi huandika taarifa, mtoto hupelekwa hospitali na kisha makao ya watoto, halafu watu wake huanza kutafutwa. Kazi hiyo hupewa miezi sita. Miezi ikiisha na hakuna mzazi wala jamaa aliyejitokeza, polisi hutoa barua ya mwisho, na hapo ndipo mtoto anaweza kutangazwa kuwa huru kuasiliwa. Baada ya hapo wanaomtaka hukaa naye miezi mitatu mfululizo kabla ombi halijafika Mahakama Kuu, na mahakama nayo huteua mtu wa kusimama upande wa mtoto na kuchunguza kama kweli atakuwa salama.

Hebu itazame ile miezi sita. Mahali pamoja kuna mtoto kitandani, hajui kwamba anatafutiwa mtu. Mahali pengine kuna mwanamke aliyemwacha, labda kwa kukata tamaa, labda kwa kutishwa, labda akiwa yeye mwenyewe ni mtoto wa shule. Na mahali pa tatu kuna mke na mume waliopiga magoti. Waombe nini? Wakiomba miezi ipite kimya, wanaomba mama asirudi. Sisi hatukuwa tukimjua mtoto yeyote wakati huo, lakini tulijua kwamba kila mtoto aliyeweza kuwa wetu alikuwa na mama ambaye mlango wake ulikuwa bado haujafungwa. Afisa wa ustawi wa jamii aliyetuhoji alituambia bila kuzunguka: "Sisi tunamtafutia mtoto wazazi. Hatuwatafutii wazazi mtoto." Usiku ule tulianza kumwombea mama tusiyemjua. Tuliomba kwamba kama yu hai na anamtaka mwanawe, basi apate nauli, apate ujasiri, apate mtu wa kumshika mkono hadi kituo cha polisi. Sala hiyo ilikuwa nzito mdomoni kuliko zote nilizowahi kusali, na naamini ndiyo iliyonifundisha Majilio ni nini. Kungoja kwa Kikristo ni kumwachia mwenzako nafasi, hata nafasi ambayo ikijazwa wewe utabaki mikono mitupu.

Baada ya Voi treni inakata Tsavo. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha, na ile ardhi nyekundu ilikuwa imefunikwa majani mabichi. Mume wangu alikuwa dirishani akitafuta tembo. Mimi nilikuwa nimefungua Mathayo, sura ya kwanza, ile orodha ndefu ya majina ambayo wasomaji wengi kanisani huikimbiza. Orodha inakwenda baba kwa mwana kutoka Ibrahimu, inapita kwa Daudi, inapita uhamishoni Babeli, hadi inamfikia Yosefu. Hapo mwandishi anageuza maneno. Hasemi kwamba Yosefu alimzaa Yesu. Anamtaja kama mume wa Mariamu, na mtoto akazaliwa na Mariamu. Ukoo wote ule, wafalme na wachungaji na makahaba, unamfikia Masihi kupitia kwa mtu asiyemzaa. Malaika alipomjia Yosefu usingizini alimwita mwana wa Daudi, kisha akampa kazi ya baba: wewe ndiwe utakayempa mtoto jina. Yosefu alipompa jina, alimkiri mbele ya watu kuwa wake, na nyumba ya Daudi ikawa nyumba ya Yesu.

Kuna jambo jingine nililoliwaza tukikaribia Mtito Andei. Luka anataja amri ya kuhesabiwa watu iliyotoka kwa Kaisari Augusto. Augusto mwenyewe alikuwa mwana wa kuasiliwa. Yulio Kaisari, mjomba wa mama yake, alimfanya mwanawe katika wosia, na wosia ukasomwa Kaisari alipouawa mwaka 44 kabla ya Kristo. Augusto naye akamwasili Tiberio, ambaye Luka anamtaja pale Yohana Mbatizaji anapoanza kuhubiri. Basi mfalme wa dunia alikuwa mtoto wa kuasiliwa, na mtoto aliyezaliwa Bethlehemu wakati wa amri yake alikuwa vilevile. Lakini tofauti ni kubwa. Wakuu wa Roma waliasili wanaume wazima ili mali na madaraka vipate mrithi. Yosefu hakutafuta mrithi. Alimpokea mtoto aliyekuja na hatari, na muda si mrefu akawa anamkimbiza usiku kwenda Misri. Wanaoniuliza kama siogopi damu nisiyoijua, ninawarudisha kwa Yosefu. Yeye alikuwa na sababu za kuogopa zaidi yangu, na malaika alianza kwa kumwambia asihofu.

Nairobi hatukukaa. Tulishuka Syokimau, tukaingia mjini, tukapanda matatu ya Limuru. Kadiri gari lilivyopanda ndivyo hewa ilivyobadilika, hadi mama mmoja aliyeketi mbele yetu akatushauri tufunge dirisha kwa kuwa, alisema, tumevaa kama watu wa Mombasa. Halafu mashamba ya chai yakaanza. Limuru ndiko chai ilikopandwa mara ya kwanza Kenya, mwaka 1903. Vilima vyote vilikuwa vya kijani kimoja kilichonyolewa sawasawa, na ukungu ulikuwa bado haujaondoka ingawa ilikuwa alasiri.

Limuru pia ndiko kilipo Chuo Kikuu cha St. Paul's, na kwa mtu anayesali Kengeleni jina hilo si geni. Chuo hicho kilianza kwetu Mombasa, Frere Town, kama shule ya wahubiri ya Kanisa Anglikana, kikahamishiwa Limuru mwaka 1930. Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 na wamishenari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Manowari za Uingereza zilipokamata majahazi, waliookolewa wengine waliletwa huko, na wengi walikuwa watoto. Kengele iliyowekwa kuwaonya watu wakati wa hatari ndiyo iliyoipa mitaa yetu jina la Kengeleni. Wengine waliookolewa walikuwa wamepelekwa kwanza India, karibu na Nasik, wakalelewa huko, kisha wakarudi pwani ya Afrika. Matthew Wellington alikuwa mmoja wao, Myao aliyezaliwa akiitwa Chengwimbe. Alikuwamo katika msafara uliosindikiza mwili wa Livingstone hadi pwani, na alifariki Mombasa mwaka 1935.

Nimekua nikisikia habari za watoto hao kama hadithi ya wokovu, na ni ya wokovu kweli. Lakini ndani ya ile matatu nilimfikiria mama yake Chengwimbe. Aliyemtoa mtoto kwenye jahazi hakuwa na njia ya kupeleka habari upande wa Ziwa Nyasa. Hakuna aliyempa mama huyo miezi sita. Mtoto alivishwa, alilishwa, alipewa jina jipya, na huko alikotoka labda kulikuwa na mtu anayetoka nje kila jioni kutazama njia. Tangu siku hiyo sijasikia tena mtu akilalamika kwamba taratibu za kuasili ni ndefu bila kuwakumbuka watoto wa Frere Town. Urefu huo ni haki waliyonyimwa.

Makao yenyewe yako pembeni mwa shamba la chai. Mlangoni palikuwa na safu ya buti ndogo za mpira, kila jozi imefungwa uzi wa rangi yake ili watoto wasigombane. Za mtoto tuliyekuja kumwona zilikuwa na uzi wa manjano. Jina lake sitaliandika, kwa kuwa mahakama bado haijasema neno. Nitasema tu kwamba alikuwa ameanza kutembea, amevaa sweta la kufuma lililompita vidole, na alipotuona alikwenda moja kwa moja kujificha nyuma ya mguu wa mlezi wake. Watoto pale humwita mlezi huyo Cucu, kama Wakikuyu wanavyomwita bibi. Hakumsukuma mtoto aje kwetu. Aliketi chini sakafuni, nasi tukaketi, mume wangu na suruali yake ya kanisani.

Nilitandika leso ya mama katikati yetu. Imeandikwa: Mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Kisha mtoto akaja, akakanyaga pindo la leso, akaangalia chini, akaanza kufuata maandishi meusi kwa kidole, herufi baada ya herufi, kama mtu anayehesabu chungu. Alipofika mwisho wa pindo alikuwa magotini pa mume wangu. Hakumwangalia. Alishika tu kitambaa cha suruali yake ili asianguke, akageuka kuanza upya.

Wakati huo Cucu alikuwa ananieleza mambo, nami nikayaandika nyuma ya bahasha ya vyeti. Hapendi yai. Huogopa mvua ikipiga mabati. Hawezi kulala mpaka ashike sikio la mtu. Si nguo, si mdoli, sikio. Kwa zaidi ya mwaka sikio hilo lilikuwa la Cucu. Alipofika hapo alinyamaza, akafuta macho kwa aproni, akasema, "Mwambieni mimi nilimpenda." Nilielewa kwamba chumbani mle hatukuwa sisi peke yetu tulioletwa na Majilio. Mwanamke huyu alikuwa amewangojea wazazi kwa ajili ya mtoto huyu kila usiku, na siku walipofika, ujio wao ukawa wa kumtoa mikononi mwake.

Hatukurudi naye. Afisa alitupangia siku nyingine za kumtembelea, ili atuzoee, kabla ya kuruhusiwa kumpeleka nyumbani kwa ile miezi mitatu. Mume wangu aliuliza kama itakuwa kabla ya Krismasi, akajibiwa kwamba haitakuwa. Tuliteremka kesho yake katika treni iliyojaa familia zinazokwenda ufukweni, na hatukuwa na huzuni. Tulibishana njia nzima juu ya kitanda kiwekwe upande gani, mbali na dirisha linalotazama mabati ya jirani.

Jumapili ya tatu ya Majilio nilimwomba kasisi aingize maombi mawili katika sala za ibada: moja la mlezi aliyeko Limuru, na jingine la mama aliyemzaa mtoto. Aliniuliza majina. La Cucu nilimpa. La mama nilimwambia silijui, naye akalisoma hivyohivyo mbele ya watu, mama ambaye Mungu anamjua, na kanisa zima likaitika. Baada ya ibada akina mama wa Umoja wa Mama walinizunguka barazani. Mmoja alikuwa na kitanda cha mtoto kinachokaa bure, mwingine akaahidi neti. Wa tatu, muuguzi mstaafu, aliuliza mtoto amezoea kuvaa nini kule baridini. Nilipomweleza lile sweta alicheka kwa furaha, akasema watoto wa Limuru wakishuka hapa huota vipele vya joto wiki ya kwanza, kwa hiyo nimtafutie vesti nyepesi za pamba, nne au tano, na nizifue kabla hajazivaa.